Shukrani ni dawa, ila si ya kila ugonjwa

DESEMBA ni mwezi wa hesabu. Mwenye duka huhesabu bidhaa zilizosalia kwenye rafu. Wanachama wa chama hugawana akiba waliyoweka mwaka mzima. Naye mzazi huketi na kalamu mkononi akijumlisha nauli ya kwenda mashambani, nguo za watoto na chakula cha Krismasi, kisha kodi ya nyumba na karo vinavyomngoja Januari. Mara nyingi hesabu hiyo haitoshi. Mtu huingia kitandani akiwa na mawazo tele kuhusu yale aliyokosa: ploti ambayo hakununua, kazi aliyonyimwa, nyumba iliyokwama kwenye msingi.

Hakuna mwenye duka mwenye akili timamu ambaye huandika madeni peke yake bila kuandika mali iliyomo dukani. Akifanya hivyo, atajiona amefilisika hata ikiwa rafu zimejaa. Lakini hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoufunga mwaka. Tunaandika upande mmoja wa daftari, kisha tunashangaa kwa nini usingizi haupatikani na kichwa kinauma.

Wazee wetu walisema kwamba moyo usio na shukrani hukausha mema yote. Siku hizi wanasaikolojia nao wamelipima jambo hilo kwa njia ya utafiti, na yale waliyoyapata yanafaa kujulikana na kila msomaji wa ukurasa huu. Kushukuru kuna faida kwa mwili na akili. Hata hivyo kuna mipaka yake, na asiyeijua mipaka hiyo anaweza kumdhuru mtu anayehitaji daktari.

KWA NINI TUNASAHAU MEMA

Ukiingia katika chumba kinachokaangwa samaki, harufu hukupiga puani mara moja. Baada ya dakika chache huisikii tena, ingawa samaki bado yumo kwenye kikaango. Akili imeizoea. Ndivyo ilivyo pia kwa neema. Maji yakirudi kwenye bomba baada ya mtaa kukaa wiki mbili bila hata tone, siku ya kwanza nyumba nzima hushangilia na kila ndoo hujazwa. Wiki ya pili hakuna anayeyataja. Wiki ya tatu tunalalamika kwamba yanatoka polepole.

Mwaka wa 1978 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusu watu 22 walioshinda pesa nyingi katika bahati nasibu. Wengi wangedhani kwamba watu hao walikuwa na furaha kupindukia. Walipolinganishwa na watu wengine wa kawaida, haikuonekana kwamba waliwapita sana kwa furaha. Isitoshe, walipata raha kidogo zaidi katika mambo madogo ya kila siku kama vile kula kiamshakinywa au kuzungumza na rafiki. Walikuwa wamezoea makubwa, na madogo yakawa si kitu tena.

Kuna sababu nyingine. Akili ya binadamu hushika baya haraka kuliko zuri. Mtu wa kale aliyepuuza nyoka njiani hakuishi kusimulia, lakini aliyepuuza ua zuri hakupoteza chochote. Kwa hivyo sisi sote tumerithi akili inayotafuta hatari kwanza. Ukisifiwa na watu tisa kazini na mmoja akakukosoa, ni yupi utakayemkumbuka ukiwa kitandani usiku?

Hii ina maana kwamba kutokumbuka neema si lazima kuwe ni kiburi au roho mbaya. Ni maumbile. Ubaya hujiandika wenyewe kwenye daftari la moyo, lakini mema ni lazima mtu ayaandike kwa makusudi.

UZIMA HAUPIGI KELELE

Neema inayosahauliwa kuliko zote ni afya. Kila asubuhi tunasalimiana, "Hujambo?" na kujibu, "Sijambo." Ukilichunguza neno hilo, utaona kwamba anayekusalimu anauliza kama huna jambo linalokusumbua, nawe unakiri kwamba huna. Ni taarifa kubwa ya afya, lakini tunaitamka huku tukikimbilia matatu, bila kusikia tunachosema.

Hebu fikiria kazi inayofanyika mwilini mwako tangu jana wakati kama huu. Moyo wako umepiga mara 100,000 hivi, na hukuuamrisha. Figo zako, ambazo kila moja ina ukubwa wa ngumi, zimechuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, zikarudisha karibu yote mwilini na kuacha lita moja au mbili tu zitoke kama mkojo. Anayejua thamani ya kazi hiyo ni mgonjwa ambaye figo zake zimekufa. Yeye hulazimika kuunganishwa na mashine kwa muda wa saa nne hivi, mara mbili au tatu kila wiki, ili kifanyike kile ambacho wewe hufanyiwa bure ukiwa umelala.

Neema nyingine hazionekani kwa sababu ni mambo ambayo hayakutokea. Ndui, iliyoua watu kwa mamilioni ulimwenguni, ilitangazwa kuwa imekwisha mwaka wa 1980, na leo hakuna mzazi anayekesha akiihofia. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa humu nchini, 115 walifariki kabla ya kufikisha miaka mitano. Uchunguzi kama huo wa mwaka wa 2022 ulipata 41. Idadi hiyo bado ni kubwa na inahuzunisha. Lakini tofauti yake ni watoto 74 katika kila 1,000. Hao wako hai. Wanacheza mpira wa makaratasi uwanjani na kuwapigia mama zao kelele, na hakuna anayejua ni yupi kati yao ambaye angekuwa kaburini.

Uhai huo haukuja wenyewe. Uliletwa na chanjo, vyandarua vyenye dawa, dawa za kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi vya Ukimwi, na wahudumu wa afya waliobisha hodi mlango kwa mlango. Anayeshukuru kwa akili hujiuliza pia ni nani aliyefanya kazi hiyo.

SHUKRANI HUFANYA NINI MWILINI?

Mtu anapokuwa na wasiwasi, mwili hauwezi kutofautisha kati ya deni na simba. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli katika damu. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, shinikizo la damu hupanda na usingizi hutoroka. Hali hiyo ni nzuri kama kweli unakimbizwa na simba, kwa sababu baada ya dakika chache ama umeokoka au umeliwa. Lakini mtu anayewaza juu ya kodi kila usiku kwa miezi sita huuweka mwili wake katika mbio zisizo na mwisho.

Mwaka wa 2003 Robert Emmons wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, na mwenzake Michael McCullough, walitoa matokeo ya majaribio ambayo hadi leo hutajwa sana. Katika jaribio la kwanza, wanafunzi waliwekwa katika makundi matatu. Kundi moja liliandika kila wiki mambo yasiyozidi matano ambayo walishukuru kuyapata. La pili liliandika mambo yaliyowaudhi. La tatu liliandika tu matukio ya kawaida. Baada ya wiki kumi, kundi la shukrani liliridhika zaidi na maisha, lilikuwa na matumaini zaidi kuhusu wiki iliyofuata, na lilikuwa na malalamiko machache ya maumivu ya mwili. Hata mazoezi ya viungo walifanya zaidi.

Huenda msomaji akasema kwamba hao walikuwa vijana wenye nguvu ambao hawana shida yoyote. Watafiti hao walirudia jaribio kwa watu wazima 65 wenye maradhi ya mishipa ya fahamu na misuli, ambayo huufanya mwili udhoofike. Walioandika shukrani zao kila siku kwa majuma matatu walilala kwa muda mrefu zaidi na kuamka wakiwa na nguvu kuliko wenzao ambao hawakuandika. Maradhi yao hayakupona. Kilichobadilika ni jinsi walivyoyabeba.

Kwa nini usingizi? Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2009, ambao uliwahusu watu 401, ulisaidia kutoa jibu. Watu wenye tabia ya kushukuru walilala vizuri zaidi, na sababu ilikuwa ni mawazo yanayopita kichwani dakika zile za mwisho kabla ya macho kufumba. Mtu anayelala akiyapitia yaliyomwendea vyema hana nafasi kubwa ya kuyachemsha yaliyomwendea vibaya. Na mtu aliyelala vizuri huwa na subira zaidi asubuhi kwa watoto wake, kwa kondakta na kwa mkubwa wake wa kazi.

Kuhusu urefu wa maisha, mwaka wa 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa ripoti juu ya wauguzi wanawake 49,275 wa Marekani, wengi wao wakiwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Wale waliokuwa na shukrani nyingi mwaka wa 2016 walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 9, kufikia mwisho wa 2019, wakilinganishwa na wale wenye shukrani kidogo. Hata hivyo msomaji asikimbilie kusema kwamba shukrani huongeza miaka. Inawezekana pia kwamba mtu mwenye afya, chakula na jamaa wa karibu huona ni rahisi zaidi kushukuru. Utafiti wa aina hii hauwezi kutenganisha mambo hayo kabisa.

MAHALI AMBAPO DAWA HII HAITOSHI

Mwaka wa 2021 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walikusanya tafiti 27 zilizowahusu watu 3,675 ili kuona kama mazoezi ya kushukuru yanaweza kutibu ugonjwa wa huzuni na wasiwasi. Walipata kwamba yalisaidia kidogo tu. Ushauri wao ulikuwa kwamba mgonjwa atafute matibabu ambayo yamethibitishwa kuwa na nguvu zaidi.

Jambo hili ni muhimu sana wakati huu wa sikukuu. Ugonjwa wa huzuni si ukosefu wa shukrani. Ni maradhi kama vile malaria au kisukari yalivyo maradhi. Mgonjwa anaweza kuwa na mume mwema, watoto wenye afya na mshahara mzuri, na bado asihisi chochote. Akiambiwa, "Lakini wewe huna shida, mshukuru Mungu," huongezewa mzigo wa hatia juu ya mzigo alio nao, na mara ya pili hatasema tena kwamba anaumia.

Dalili za kuangalia ni hizi: huzuni au utupu unaodumu kutwa nzima kwa wiki mbili au zaidi, kutopendezwa na mambo aliyoyapenda, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupungua au kuongezeka kwa hamu ya chakula, uchovu usioeleweka, kujiona hana thamani, na mawazo ya kifo. Mtu mwenye dalili kadhaa kama hizi apelekwe hospitalini. Akitaja kutaka kujiua, asiachwe peke yake hata kwa saa moja, na asicheleweshwe hadi sikukuu ipite. Jijini Nairobi kuna hospitali ya Mathari, na katika hospitali kubwa za kaunti kuna wahudumu wa afya ya akili. Yapo mazungumzo ya ushauri na zipo dawa, na wengi hupata nafuu.

Vilevile, kuna nyumba ambazo Krismasi hii zina kiti kitupu. Mwenye kufiwa hana haja ya kuhimizwa aone upande mzuri. Aachwe alie. Baadhi ya waliofiwa husema kwamba siku ilipofika, shukrani ilikuja yenyewe kwa njia ya kumkumbuka marehemu: kicheko chake, chai aliyopenda kupika, ushauri wake. Majonzi na shukrani vinaweza kukaa katika moyo mmoja bila kufukuzana.

KUSHUKURU SI KUNYAMAZA

Kuna matumizi mengine mabaya ya neno hili. Mfanyakazi ambaye hajalipwa kwa miezi mitatu huambiwa ashukuru kwamba angalau ana kazi. Mke anayepigwa huambiwa ashukuru kwamba ana mume. Mgonjwa aliyetukanwa wakati wa kujifungua huambiwa ashukuru kwamba yeye na mtoto wako hai.

Hiyo si shukrani bali ni kufungana midomo. Shukrani ya kweli hutoka kwa mwenyewe, haiamrishwi na yule anayefaidika na kimya chako. Mtu anaweza kushukuru kwa uhai wake na hapo hapo akaenda kudai haki yake. Kwa hakika, anayejua thamani ya alichopewa ndiye hukasirika zaidi kinapoharibiwa.

NAMNA YA KUFANYA

Mwanasaikolojia Martin Seligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na wenzake, walijaribu njia kadhaa na kutoa matokeo mwaka wa 2005. Mojawapo ya zilizodumu zaidi ni rahisi mno. Kila usiku kwa wiki moja, watu waliandika mambo matatu yaliyowaendea vyema siku hiyo na sababu ya kila moja. Miezi sita baadaye, bado furaha yao ilikuwa imezidi na dalili za huzuni zimepungua. Wengi waliendelea na zoezi hilo bila kuambiwa.

Ukitaka kujaribu katika siku hizi chache zilizosalia za mwaka, zingatia yafuatayo.

Kwanza, taja kitu hasa. Ukiandika "nashukuru kwa familia" kila siku, akili itazoea maneno hayo kama ilivyozoea harufu ya samaki. Andika, "Leo binti yangu aliniletea maji bila kutumwa," au "Mtoto alikohoa usiku mmoja tu, si wiki nzima kama mwaka jana."

Pili, uliza kwa nini. Binti alileta maji kwa sababu gani? Labda aliona umechoka. Swali hilo hukuonyesha kwamba jambo jema lina chanzo, na mara nyingi chanzo chenyewe ni mtu.

Tatu, ondoa kitu mawazoni. Jiulize mwaka huu ungekuwaje bila jirani fulani aliyekubebea mtoto hadi zahanati, au bila dawa yako ya shinikizo la damu. Anayekiona kitu kikiwa hakipo hukitambua upya kikiwepo.

Nne, usizidishe. Mtafiti Sonja Lyubomirsky na wenzake waligundua kwamba watu waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki walinufaika kuliko waliofanya hivyo mara tatu. Ukiona zoezi limegeuka kuwa kazi ya shule, pumzika. Ukitaka kuandika kila usiku, fanya hivyo kwa wiki moja hii ya mwisho wa mwaka, kisha endelea mara moja kwa juma.

Tano, na hili ndilo kubwa, mwendee mtu umwambie. Katika majaribio ya Seligman, waliomwandikia barua mtu ambaye hawakuwahi kumshukuru ipasavyo, wakaipeleka kwa mikono yao, walipata furaha kubwa ya haraka kuliko wote, ingawa ilififia baada ya miezi michache. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka wa 2018 ulieleza kwa nini hatufanyi hivyo mara nyingi: tunadhani tutaonekana wa ajabu au tutakosa maneno mazuri. Waliopokea barua hizo hawakujali ufasaha. Walifurahi kuliko waandishi walivyotarajia.

Fikiria basi mwalimu aliyekuvumilia darasani na sasa amestaafu kijijini. Fikiria muuguzi wa zahanati ya mtaani, mlinzi wa langoni anayekesha baridini ili wewe ulale, na mwenye kibanda aliyekukopesha unga ulipochelewa mshahara. Huhitaji kununua zawadi, wala huna haja ya kukopa ili uonekane mkarimu, kwa maana deni la Desemba huwa ni ugonjwa wa Januari. Ukienda mashambani, keti naye dakika kumi. Kama uko mbali, mpigie simu. Mwambie alichokufanyia, mwaka gani, na kilikufikisha wapi.

Yeye pia anafunga hesabu yake ya mwaka, na huenda upande wa mema kwenye daftari lake ni mtupu kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake ilimfaa mtu. Usingoje kuyasema hayo katika hotuba ya mazishi yake. Yaseme wiki hii, wakati angali anaweza kuitikia.